Kuweka oili ya 2T kwenye tangi la petroli la gari la kawaida: ni tiba ya injini au tunajifariji?

Mkazi wa Kibamba
Wakuu, salaam. Nina Toyota Spacio yenye injini ya 1NZ ambayo imeshatembea zaidi ya kilomita laki mbili, na kwa muda sasa inapowashwa asubuhi hutoa mlio wa kugongagonga unaopotea injini ikishapata moto. Fundi wangu alinishauri niwe naweka kifuniko kimoja cha oili ya 2T, yaani oili ya injini za mapigo mawili, ile inayouzwa kwa ajili ya misumeno ya mnyororo na pikipiki za zamani, katika kila lita kumi za petroli. Maelezo yake ni kwamba petroli ya siku hizi ni kavu, na kwamba sehemu ya juu ya silinda haipati ulainisho wa kutosha. Nimefuata ushauri huo kwa matangi kadhaa na ninaona mlio umepungua, ingawa siwezi kuapa. Je, jambo hili lina msingi wowote wa kiufundi, na madhara yake ni yapi?

Plagi Nne
Karibu, mkuu. Tuanze na sababu ya oili hiyo kuwapo. Katika injini ya mapigo mawili, mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ndipo upande juu ya pistoni. Kwa hiyo chumba hicho hakiwezi kuhifadhi oili kama sampo ya gari lako, na bearing zote pamoja na kuta za silinda hutegemea oili iliyosafiri ndani ya petroli. Spacio yako ina sampo, ina pampu ya oili, na ina ringi maalumu ya kupangusa ambayo huacha ukutani utando mwembamba wa oili kila pistoni inaposhuka. Hakuna sehemu iliyosahauliwa na waliobuni injini hiyo ikabaki kusubiri kifuniko cha fundi wako. Halafu, kifuniko cha chupa gani? Usipojua ni mililita ngapi, huwezi kujua unafanya nini.

Mkazi wa Kibamba
Ahsante. Nimekipima kwa bomba la sindano: ni kama mililita 20. Kwa lita kumi, hiyo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 500 za petroli.

Nahodha wa Kilindoni
Hapo sasa tunaweza kuzungumza. Sisi tunaotumia mashine za boti za mapigo mawili huchanganya 1 kwa 50 katika kazi ya kawaida, yaani mililita 20 kwa kila lita moja, na mashine ikiwa mpya watengenezaji wengi huagiza 1 kwa 25 mpaka izoee. Wewe unaweka moja ya kumi ya kile ninachoweka mimi. Huko visiwani ni kawaida petroli iliyobaki kwenye dumu la boti, ambayo tayari ina oili, kumiminwa kwenye pikipiki ya mapigo manne ili mtu afike nyumbani. Pikipiki huwaka na hutembea, ila nyuma huacha moshi wa bluu, na ukiendelea hivyo kwa wiki chache, plagi hutoka nyeusi na yenye unyevunyevu. Sijaona injini iliyokufa kwa ajili hiyo, lakini nimeona plagi nyingi zikitupwa kabla ya wakati wake.

Jambo jingine ambalo Plagi Nne amelipita haraka ni kwamba oili za 2T si aina moja. Oili ya mashine za boti huwa na alama ya TC-W3, nayo haina viungo vya metali, kwa sababu injini inayopozwa na maji haipati joto kali. Oili ya pikipiki na misumeno inayopozwa kwa upepo huwa na alama za Kijapani za JASO, kuanzia FB hadi FD, nayo inaruhusiwa kuwa na metali kidogo ili isafishe kaboni kwenye pistoni yenye joto. Chupa dukani zinafanana, na muuzaji atakuambia zote ni sawa.

Mzee wa Pijo
Vijana, jambo hili halikuanza leo. Tulianza kuweka oili kwenye petroli wakati petroli yenye risasi ilipoondolewa. Nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana kule Dakar mwaka 2001, na kufikia mwisho wa 2005 risasi ilikuwa imekwisha kwenye vituo vya eneo letu. Mimi nilikuwa na Peugeot 504, na kila fundi aliyeheshimika alisema viti vya valvu, yaani mahali valvu hukalia zikifunga, vitaliwa kwa kukosa risasi, hivyo tuweke kidogo cha 2T badala yake. Niliweka kwa miaka, na valvu zangu hazikuliwa.

Bi Maabara
Shikamoo, mzee. Tarehe ni sahihi kwa eneo letu, ingawa duniani kwa jumla magari yaliendelea kutumia petroli yenye risasi mpaka Julai 2021, Algeria ilipoacha kuiuza. Hata hivyo, risasi haikulinda viti vya valvu kwa utelezi. Ilipoungua ilibaki kama utando wa chumvi na oksidi za risasi juu ya kiti, na utando huo ndio uliozuia metali mbili zenye joto kali kushikana na kung'oana vipande vidogo. Oili ya 2T imetengenezwa iungue na kwenda zake, haiachi utando wa namna hiyo. Kama ingeuacha, tungekuwa tunalalamikia kaboni.

Plagi Nne
Niongeze, kwa heshima, kwamba Pijo ya mzee haikuwa na ugonjwa huo tangu mwanzo. Silinda hedi ya petroli ya 504 ni ya aluminiamu, na aluminiamu haiwezi kupigwa na valvu moja kwa moja, kwa hiyo viti vyake ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Waliopaswa kuogopa ni wenye injini ambazo silinda hedi yake ni ya chuma cha kusubu na kiti cha valvu kimechongwa humo humo.

Mzee wa Pijo
Marahaba, mwanangu Bi Maabara. Nawe Plagi Nne, umejibu vizuri, lakini gari lilikuwa langu, na lilikuwa linatulia zaidi likiwa na oili kuliko likiwa halina. Jambo hilo halijajibiwa na aluminiamu.

Boksa Mkongwe
Kwenye kijiwe chetu hapa Dodoma kuna waendesha bodaboda wanaoweka oili kwenye tangi la Boxer, na Boxer ni ya mapigo manne. Wengine hawanunui hata 2T, huweka oili ya injini iliyobaki kwenye chupa, na mmoja aliwahi kuweka oili chafu aliyoimwaga kutoka kwenye injini hiyo hiyo, akidai haipotezi kitu. Anayeweka 2T kidogo haonekani kupata faida wala hasara. Yule wa oili chafu tulimsubiri kila asubuhi akikanyaga kiki hadi abiria wakampita.

Bi Maabara
Huyo wa oili chafu asiigwe na mtu yeyote. Oili ya injini ya mapigo manne ina zinki na fosforasi za kuzuia chuma kusagana, na viungo hivyo vikipita kwenye chumba cha mwako huacha majivu. Kwenye gari ambalo bado lina masega kwenye bomba la moshi, fosforasi hufunika madini yanayosafisha moshi na kuyaua polepole. Pikipiki nyingi hazina masega, lakini Spacio ya mleta uzi ilitoka Japani ikiwa nayo.

Kuhusu swali lenyewe, nina mambo mawili. La kwanza, oili hupunguza namba ya okteni ya petroli, yaani uwezo wake wa kubanwa bila kujiwasha, kwa kuwa mafuta mazito ya aina hiyo hujiwasha kwa urahisi yakibanwa. Kwa 1 kwa 500 upungufu huo ni mdogo mno hata usionekane, lakini kwa anayeweka 1 kwa 50 kwenye injini yenye mbano mkubwa, hali ni tofauti. La pili linahusu injini ndogo za kisasa zenye tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani, na zinazopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Matone ya oili yakiingia humo yanaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, na mlipuko wa namna hiyo huvunja pistoni. Tatizo hilo liliwafanya Wamarekani wabadilishe viwango vya oili ya injini, API SN Plus mwaka 2018 na API SP mwaka 2020, na watengenezaji wakapunguza kalsiamu ndani yake. Mwenye injini ya aina hiyo anayemimina oili kwenye tangi kwa hiari yake anakaribisha kitu ambacho wengine wametumia fedha nyingi kukifukuza.

Mdadisi wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Mbona hakuna anayeuliza kuhusu petroli yenyewe? Hapa Kenya mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa na petroli na dizeli kwa sababu ya tofauti ya bei, hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Mafuta ya taa yana okteni ya chini sana, na injini iliyoyanywa hugonga. Dhana yangu ni kwamba ndugu wa Kibamba alijaza petroli mbovu, mlio ukaanza, fundi akamwandikia oili, naye akaenda kujaza kituo kingine. Mlio ukapungua na sifa ikaenda kwa kifuniko.

Mkazi wa Kibamba
Ndugu Mdadisi, nimekuwa nikijaza kituo kimoja kwa miaka mingi, na sikukibadilisha.

Plagi Nne
Na huku kwetu Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, kisha mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili uchakachuaji usiwe na faida. Sisemi umekwisha kabisa. Ila mlio wa petroli mbovu husikika injini ikiwa na moto na ikibeba mzigo, kwa mfano unapopanda mlima kwa gia kubwa. Mlio wa asubuhi unaopotea ni habari nyingine. Mara nyingi ni pistoni iliyolegea kidogo ndani ya silinda ikiwa baridi, ambayo hutanuka ikipata moto na kukaa sawa.

Cheni Haidanganyi
Au ni cheni. 1NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na kikaza cheni hutegemea presha ya oili. Gari likilala usiku kucha oili hushuka, na asubuhi cheni hugonga kwa sekunde chache mpaka presha ijae. Ikiwa ni hivyo, oili ya tangini haifiki kwenye cheni kwa njia yoyote, na mleta uzi angefanya vizuri zaidi kutazama kijiti cha kupimia oili.

Mkazi wa Kibamba
Huo wangu hudumu dakika mbili tatu, si sekunde chache.

Pembetatu
Ninyi mnaojadili kana kwamba oili kwenye petroli ya gari ni uchawi, mmesahau Mazda RX-8. Injini yake haina pistoni. Ina rota zenye pembe tatu, na ncha za rota zina sili zinazokwaruza ukuta wakati wote. Kiwandani kwenyewe waliweka pampu ndogo inayochukua oili kutoka sampo na kuidondoshea ndani ili iungue pamoja na petroli. Wenye magari haya duniani kote, nami nikiwamo, huongeza 2T kwenye tangi kwa sababu inaungua safi kuliko oili ya sampo. Gari hilo limebuniwa kula oili, na asiyeilisha huilipia kwa injini mpya.

Nahodha wa Kilindoni
Pembetatu, umethibitisha hoja ya Plagi Nne ukidhani unaipinga. Gari linalohitaji oili tangini lina sababu inayoonekana kwenye mchoro wake. Tuonyeshe ya Spacio iko wapi.

Mnyororo wa Mufindi
Ninaendesha misumeno msituni, na ninataka kuondoa dhana moja: kwamba oili ikizidi injini inapoa. Kabureta hupima ujazo tu. Ukiongeza oili umepunguza petroli ndani ya ujazo ule ule, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kulinganisha na hewa, na kichwa cha pistoni kinapata joto zaidi. Kwa 1 kwa 500 haisikiki, lakini nimeona watu wakiongeza dozi wakiamini wanailinda mashine.

Lita kwa Elfu
Wakuu, ruhusuni hesabu. Gari langu linakula lita moja ya oili ya sampo kila kilomita 1,000, na linatumia lita moja ya petroli kwa kilomita 10. Kwa hiyo katika kila lita 100 za petroli linaunguza lita moja ya oili. Ninachanganya 1 kwa 100 bila kununua 2T hata tone, mara tano zaidi ya mleta uzi. Ikiwa oili kwenye mwako ni dawa, injini yangu ingekuwa ya mwisho kuugua katika jiji hili.

Boksa Mkongwe
Wewe unatumia dawa kabla ya kuandikiwa.

Noah ya Familia
Yangu ni Noah yenye injini ya D-4, ambayo valvu za kuingiza hewa zimejaa kaboni. Muuza vipuri ameniuzia 2T akisema itazisafisha. Je, ni kweli?

Bi Maabara
Dada, au kaka, hapana. Katika injini ya D-4 petroli hupulizwa ndani ya silinda, haipiti nyuma ya valvu za kuingiza hewa. Ndiyo maana kaboni hujazana pale, kwa sababu hakuna petroli ya kuziosha. Chochote utakachoweka tangini, kiwe 2T au kisafishaji cha bei ghali, hakitazigusa valvu hizo. Zinasafishwa kwa kufungua manifodi. Pampu ya presha kubwa ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kubishania, kwa kuwa inalainishwa na petroli yenyewe, lakini ilitengenezwa ikijua itapitisha petroli. Kwa Spacio ni kinyume chake. Petroli inapulizwa nyuma ya valvu, kwa hiyo oili inafika pale, na ninachoogopa ni kwamba inaweza kuacha utando unaonata.

Plagi Nne
Mleta uzi, tuache kubahatisha. Pima mbano. Injini iwe na moto, plagi zote nne zitolewe, fyuzi ya pampu ya mafuta ichomolewe, betri iwe imejaa, na mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho wakati wa kuzungusha. Andika namba. Kisha mimina kijiko cha oili ya injini kwenye tundu la plagi la kila silinda na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka na oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, tazama valvu. Hili ndilo linaloweza kueleza kwa nini injini chakavu hutulia ikipata 2T: oili inaongeza kidogo utando ambao ringi zimeshindwa kuushika.

Mzee wa Pijo
Kwa hiyo inasaidia.

Plagi Nne
Inaficha, mzee.

Mkazi wa Kibamba
Nimerudi na majibu. Fundi alikuwa anasita, lakini gereji ya jirani walituazima geji. Bila oili, silinda ya kwanza hadi ya nne zilisoma 175, 170, 140 na 172 psi. Baada ya kijiko cha oili, ya tatu ilipanda hadi 162, na nyingine zilipanda kidogo tu. Plagi ya tatu ilikuwa na masizi makavu pembeni, tatu zilizobaki zilikuwa na rangi ya kahawia.

Lita kwa Elfu
Ringi za silinda ya tatu. Karibu chamani.

Cheni Haidanganyi
Si lazima ziwe zimekwisha. Ringi zikigandishwa na kaboni kwenye mfereji wake nazo husoma hivyo hivyo, na hizo wakati mwingine huachia kwa kisafishaji bila kufungua injini. Namba peke yake haiwezi kutofautisha.

Pembetatu
Ikiwa zimegandishwa na kaboni, basi 2T yenye visafishaji inaweza kuwa ndiyo inayozilegeza, na fundi wa Kibamba alikuwa sahihi kwa sababu ambayo mwenyewe hakuitaja.

Bi Maabara
Kwa mililita 20 katika lita kumi? Visafishaji vilivyomo ni sehemu ndogo ya mililita hizo, na sehemu kubwa ya vinavyobaki huungua kabla ya kufika mferejini. Kama lengo ni kulegeza ringi, kuna dawa zinazomiminwa kwenye tundu la plagi na kuachwa zilale usiku.

Mzee wa Pijo
Lakini mlio umepungua. Kila mmoja hapa anaeleza kwa nini usingepaswa kupungua.

Plagi Nne
Mbano wa silinda ya tatu unavuja, na mbano unaovuja hauna uhusiano wa moja kwa moja na mlio wa pistoni baridi. Huenda tuna magonjwa mawili na tunayapa dawa moja. Kabla hajafungua injini, apitishe hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi la tatu huku pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, kisha asikilize. Hewa ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Ikitokea kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea kwenye koo la hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Nahodha wa Kilindoni
Nami bado nasubiri kujua ni oili gani iliyowekwa. Tazama nyuma ya chupa, ndugu.

Mkazi wa Kibamba
Imeandikwa JASO FB. Nimeacha kuiweka kwa sasa, na mlio wa asubuhi ya leo ulikuwa kama wa jana. Kompresa tunaazima Jumamosi kwa jirani anayeziba pancha.